Shimo Lililofagiliwa

Hata wale wasiompenda Mwanasiti binti Matano, na hawakuwa wengi, walikubali jambo moja: uwanja wake ulikuwa safi kupita kiasi. Watu wakitoka msikitini alfajiri walilisikia fagio lake la chelewa likikwaruza mchanga, na jua likipanda uwanja wote ulikuwa umekwisha kuchorwa mistari, kila mstari mahali pake. Jani la mkungu likithubutu kuanguka, halikupata hata nafasi ya kukauka. Wifi yake Bimkubwa, dada wa marehemu mumewe, alimtania kwamba kuku wa nyumba ile hutembea kwa ncha za vidole wakiogopa kuacha nyayo. Mwanasiti alicheka naye, kisha akaenda kufagia pale aliposimama Bimkubwa.

Nyuma ya uwanja huo mzuri palikuwa na shimo.

Lilikuwa shimo kubwa, pana kuliko uwanja wa mpira wa vijana wa Utende, na zamani lilikuwa shamba la baba yake, Mzee Matano. Palikuwa na minazi, mikanju, na mihogo katikati. Barabara ya lami kutoka Kilindoni ilipoanza kujengwa, wajenzi walizunguka kutafuta kifusi, na wakaona udongo wa Mzee Matano ndio wenyewe. Wakamwomba. Mzee akatazama njia ile ya mchanga ambayo gari lilikwama kila masika, akasema chukueni. Katapila likaja, likaondoa miti, likaondoa udongo mweusi wa juu, likaondoa kifusi, likachimba mpaka likafika kwenye mwamba mweupe wa matumbawe ya kale. Barabara ikafika Utende, ngoma zikapigwa. Wajenzi wakasawazisha kingo, wakarudisha udongo kidogo juu ya mwamba, wakasema ardhi itapona, wakaondoka na mitambo yao.

Mzee Matano alizoea kusimama ukingoni jioni, mikono nyuma. Alipougua kwa mara ya mwisho alimwita binti yake akamwambia, "Mwanangu, mimi baba yangu aliniachia shamba. Mimi nakuachia shimo. Unisamehe." Mwanasiti akamjibu kwamba hakuna cha kusamehe. Lakini mzee alifariki akiwa hajaonyesha kama amemsadiki, na hilo ndilo lililomkaa Mwanasiti rohoni kuliko hilo shimo lenyewe.

Msidhani alikuwa mtu wa kinyongo. Mwaka uleule wa msiba, binti yake Shamsa alishikwa na uchungu wa uzazi, mtoto amekaa vibaya, na mkunga akasema hapa hapana la kufanya ila hospitali ya Kilindoni. Wakampakia kwenye gari la watu wa hoteli. Gari halikukwama, halikuruka, liliteleza tu juu ya lami, na Shamsa na mtoto wake wote wawili wakafika wazima. Mwanasiti alikuwa amemshika mwanawe kichwa mapajani, na njia nzima alikuwa anawaza: tunapita juu ya shamba la baba. Tangu siku hiyo hakuweza tena kulitazama lile shimo kwa hasira. Aliliona limetoa lilichokuwa nacho, likabaki tupu, na sasa lilimdai yeye wema.

Basi akaanza kulilea. Watu wa hifadhi ya bahari nao walikuwa na haja yao, maana kila mvua kubwa iliponyesha, tope lilitoka shimoni likapita mferejini mpaka kwenye ghuba, likatua juu ya mwani wa kina mama na juu ya matumbawe. Wakaleta miche, wakamtuma mtu wao mmoja, Muhidini, aje kuonyesha namna ya kupanda kwa safu. Mwanasiti akapanda. Akabeba makumbi ya nazi akayapanga kwenye mikondo ya maji ili udongo usikimbie. Akabeba samadi ya mbuzi wa Bimkubwa, ndoo kwa ndoo, na kila jani alilofagia uwanjani hakulichoma tena, alilipeleka shimoni. Watu walimcheka kidogo, kisha wakazoea, kisha baadhi yao wakaanza kumletea makumbi bila kuulizwa. Alhamisi jioni, akirudi makaburini, alimwambia baba yake maendeleo kimoyomoyo. Mikwaju imeshika, baba. Mwarobaini umenipita kimo, baba.

Lakini kupenda ni kitu kingine na makubaliano ya kijiji ni kitu kingine. Makubaliano yalikuwa hivi: baada ya muda, mtaalamu atakuja kuipima ardhi. Ikiwa imepona kiasi cha kukaribiana na kile kichaka cha pembeni ambacho hakikuguswa na katapila, itarudi kwa ukoo wa Matano kuwa shamba. Ikiwa haikupona, itahesabiwa machimbo daima. Na kulikuwa na mfanyabiashara mmoja wa matofali ya mawe, mtu wa kutoka ng'ambo, aliyekwisha kuja mara kadhaa kuugonga ule mwamba kwa nyundo na kuusikiliza. Kama patakuwa machimbo, aliomba achimbe yeye, aende chini zaidi. Mawe hayo yakishatoka, hapo hapataota kitu tena mpaka Kiyama.

Siku mwenyekiti wa kijiji, Jumanne, alipokuja na habari kwamba wapimaji wanafika kesho, Mwanasiti aliliangusha fagio lake.

"Usiogope, bi," Jumanne alisema. "Mimi nimeona pale. Panapendeza. Tengenezatengeneza kidogo tu, wageni wakute pamekaa vizuri."

Hapo, ndugu zangu, ndipo mambo yalipoharibika, na hakuna aliyeyaharibu kwa ubaya. Mwanamke wa pwani ukimwambia wageni wanakuja, unadhani atafanya nini? Harusi, hitima, maulidi, hata mkaguzi wa shule, kazi ya kwanza ni moja. Tena yule mtaalamu wa mwanzo kabisa, aliyekuja mara moja miaka ya nyuma, alihesabu miche iliyopandwa akaondoka, hakuuliza lingine. Mwanasiti akajua wanachopima ni miti. Na mti mzuri ni ule uliosimama peke yake, chini yake peupe, bila magugu ya kuficha nyoka.

Akapitisha neno. Kabla ya adhuhuri wanawake wa jirani walikuwa wamejaa shimoni na mafagio na majembe, Bimkubwa mbele yao akipiga vigelegele kana kwamba kuna mtu anaolewa. Waling'oa ukoka. Waling'oa mgagani, wakachagua majani yake ya mboga. Waling'oa vimche vidogo vilivyojiotea ovyo nje ya safu, wakavitupa. Walifagia majani makavu ya miaka mitatu, tabaka juu ya tabaka, wakayakusanya chungu kubwa pembeni na kuyatia moto. Alasiri ile Mwanasiti alisimama ukingoni, mgongo unamuuma, akatazama. Miti ilikuwa imesimama kwa safu, na katikati yake udongo umechorwa mistari ya fagio kutoka mwisho hadi mwisho. Alilia kwa furaha. Akawashika wale wanawake mikono mmoja mmoja akiwashukuru, na usiku alilala usingizi mzito.

Mpimaji alifika asubuhi na Muhidini. Alikuwa msichana mwembamba, mtandio umefungwa nyuma ya shingo, viatu vya kazi miguuni.

"Shikamoo, Bi Mwanasiti. Mimi Masooma, binti Nurmohamed wa Kilindoni."

"Marahaba, mwanangu! Wewe ndiye yule uliyekuwa ukikaa juu ya gunia la mchele dukani kwa baba yako, mdomo mwekundu kwa ubuyu?"

"Ndiye mimi," Masooma akasema, akaona haya, kisha akacheka. Alikuwa amesomea mambo ya mimea Morogoro, na hii ilikuwa kazi yake ya kwanza kisiwani kwao.

Walianza na kichaka cha pembeni, jambo lililomshangaza Mwanasiti. Nani anapima kichaka? Muhidini akatandaza kamba ya kupimia ikapita katikati ya vichaka, Masooma akashika ujiti mrefu wa chuma, akawa anauteremsha kwenye kila alama ya kamba na kusema kilichoguswa. Mwenyewe alieleza vizuri, bila majivuno. Chuma kikigusa jani bichi, anasema jani. Kikigusa majani yaliyoanguka, anasema makavu. Kikigusa mche uliojiotea, anasema mche. Kisipogusa kitu, anasema udongo.

"Jani," akasema. "Jani. Makavu. Mche. Makavu. Jani."

Mwanasiti akamnong'oneza Bimkubwa kwamba mtoto wa watu kasoma miaka yote ile aje kuhesabu takataka. Wakacheka wakiwa wameziba midomo kwa kanga.

Kisha wakashuka shimoni. Masooma alisimama kwanza, akatazama ile mistari ya fagio, akamtazama Muhidini. Muhidini akapiga kigingi kwenye kona, akafunga kamba, akaivuta mpaka ng'ambo ya pili. Chuma kikashuka.

"Udongo," akasema Masooma.

Akasogea.

"Udongo. Udongo. Jani. Udongo."

Sauti yake ilikuwa inapungua kadiri anavyosogea. Mwanasiti alikuwa anatembea kando yake, mwanzoni akitabasamu kwa heshima ya mgeni. Hakuwa na elimu ya Morogoro, lakini masikio alikuwa nayo. Kichakani neno udongo lilikuwa halisikiki. Hapa halikusikika jingine. Walipofika katikati, alikuwa ameshakoma kutabasamu. Walipofika mwisho wa kamba, alikuwa amekaa chini, kanga mdomoni.

"Mwanangu," akasema, "hicho unachokitafuta kilikuwapo. Jana kilikuwapo. Tumekifagia."

Masooma akachutama mbele yake. "Chote?"

"Chote. Tukakichoma moto." Akaonyesha pembeni, pale palipokuwa pameungua duara jeusi, moshi mwembamba bado unatoka. "Tulitaka mkute pasafi."

Masooma aligeuza uso upande wa barabara kwa kitambo. Bimkubwa baadaye aliapa kwamba alimwona akifuta macho, na Bimkubwa ni mtu wa kuongeza chumvi, lakini hili watu walimwamini.

Wageni walipokaribishwa chakula, wali wa nazi na pweza, Bimkubwa alimvuta wifi yake nyuma ya jiko. "Sikiliza. Wao wanakula. Tuite wenzetu, tukazoe majani ya kichakani, tuyamwage shimoni. Waombwe wapime tena. Nani atajua?"

Msione Mwanasiti hakutamani. Alitamani. Alisimama na upawa mkononi, akaiona ardhi ya baba yake ikigongwa nyundo na yule mtu wa mawe. Miguu ilikuwa tayari. Halafu akafikiri, nitamwaga majani ya kichaka juu ya kaburi la shamba, kisha Alhamisi nikamwambie baba kwamba shamba limepona?

"Acha, wifi yangu," akasema. "Nakushukuru kwa kunipenda. Acha."

Baada ya chakula Masooma alimwita mwenyekiti Jumanne, wakakaa wote barazani. Akasema wazi kwamba yeye ataandika alichokiona, hawezi kuandika vinginevyo, na alichokiona hakifikii hata nusu ya kichaka. Jumanne akainamisha kichwa, maana alikumbuka nani aliyesema patengenezwe. Lakini Masooma akaendelea.

"Nitaandika pia kwamba jana pamefagiliwa. Na nitaomba nirudi baada ya masika. Mwenyekiti, kijiji kitanisubiri?"

"Yule bwana wa mawe anatusukuma," Jumanne akasema. Kisha akamtazama Mwanasiti, akajikuna shavu. "Atasubiri. Hayo niachieni mimi, kosa langu limo."

"Basi nitaleta miche mingine," Mwanasiti akadakia. "Samadi ipo, makumbi yapo, nitamwagia maji asubuhi na jioni, mwanangu, utakuta—"

"Hapana, Bi Mwanasiti." Masooma alimshika mkono, na mkono ule ulikuwa mgumu kwa kazi. "Usifanye kitu. Usipande, usimwagie, usipeleke hata jani moja. Kwamba wewe unaweza kuotesha, hilo tumeliona, na hakuna anayelibisha. Tunachotaka kujua ni kama ardhi yenyewe inaweza. Ikipata pigo, itajiinua? Mahali pengine hatujui, kwa sababu hakuna anayethubutu kuipiga tuone. Nyinyi mmeshaipiga."

"Hata kufagia nisifagie?"

"Hasa kufagia."

Ilikuwa adhabu. Watu wa kitongoji walijua hivyo, na walikuja kumpa pole kama mtu aliyefungwa. Mwanasiti akatafuta kigogo cha mnazi, akakisukuma mpaka shimoni, karibu na kona, akawa anakaa hapo kila alasiri baada ya sala, anasuka ukili wa mikeka ili mikono yake ipate cha kufanya. Maana mikono ilimwasha kwelikweli. Akiona jani limedondoka kutoka kwenye mkwaju, aliinuka nusu, kisha akakaa tena. Akiona mche wa mwarobaini umelegea kwa jua, aliitazama ndoo, akageuza uso. Siku mbuzi wa Bimkubwa walipoingia, alipiga mayowe akiwa amekaa palepale, asijue kama kufukuza mbuzi ni kufanya kitu. Ikabidi Shamsa ampigie simu Masooma kuuliza. Masooma alicheka mpaka simu ikakatika, akapiga tena kusema mbuzi wafukuzwe.

Mvua za kwanza zilimtia hofu. Zilikuja kwa kishindo, na maji yakatoka shimoni mekundu, yakaingia mferejini, yakaelekea baharini. Mwanasiti alisimama chini ya makuti ya jikoni akiyatazama na kusema moyoni, hii ndiyo kazi ya fagio langu, mwani wa wenzangu utaumia kwa fagio langu. Alikuwa na makumbi yaliyojaa ghalani, angeweza kuziba kwa kitambo kifupi tu. Hakwenda. Sijui kama nyinyi mmewahi kumkataza mama asimwinue mtoto aliyeanguka. Ndivyo alivyokuwa.

Kisha, asubuhi moja, aliona kitu kwenye ufa wa udongo. Kilikuwa kijani na chembamba kuliko uzi wa kushonea. Ukoka. Walidhani wameung'oa, kumbe mizizi ilikuwa imebaki chini inawasikiliza. Siku zilizofuata ukatambaa, ukafunga nyufa, ukashika udongo. Mgagani ukarudi kwa wingi kuliko mwanzo. Ndege shore wakaja kukaa kwenye mikwaju aliyoipanda, wakala matunda ya kichakani wakaangusha mbegu, na mbegu zikaota mkunazi hapa, mzambarau kule, miti ambayo hakuna aliyeileta kwa mkono. Majani ya mikwaju yakadondoka yakabaki. Chini yake wakahamia mchwa na jongoo. Mvua iliponyesha tena kwa nguvu, Mwanasiti alikimbilia mferejini na kanga kichwani, akainama kuyatazama maji. Yalikuwa yanapita meupe. Alikaa palepale matopeni, mvua inampiga, akasema alhamdulillahi mpaka sauti ikakauka.

Hapo ndipo alipoanza kuelewa. Miaka yote alidhani anaibeba ile ardhi mgongoni, na kwamba siku akichoka itaanguka. Kumbe ilikwisha kujifunza kusimama, ila yeye hakuwahi kuiachia mkono aone. Jambo hilo lilimliza kidogo, nalo lilimfurahisha sana, na hakuona ajabu kuwa na yote mawili.

Masika yalipokatika Masooma alirudi. Safari hii walikuja watu wengi, maana habari ilikuwa imeenea mpaka Miburani, na mwenyekiti Jumanne alivaa kanzu kana kwamba ni Ijumaa. Uwanja wa Mwanasiti ulikuwa umefagiwa, hilo halikuwa na mjadala. Lakini mistari ya fagio ilikoma mahali uwanja unapokoma, na kutoka hapo nyasi ziliinuka mpaka magotini. Muhidini alihangaika kuutafuta mstari wa kamba ya zamani, vigingi vimemezwa na majani. Alipovipata, akafunga kamba palepale ilipopita mara ya kwanza, kutoka ng'ambo kuja kona ya nyumbani.

"Jani," akasema Masooma.

"Alhamdulillahi," akajibu Mwanasiti.

"Jani. Makavu. Mche."

"Alhamdulillahi. Alhamdulillahi. Alhamdulillahi."

Ikawa hivyo, chuma kinashuka, msichana anataja, mama anashukuru, na nyuma yao wanawake walewale wa mafagio wakaanza kuitikia naye. Hata Masooma alishindwa kujizuia, kila akitaja alisubiri ashukuriwe ndipo asogee. Jani. Makavu. Makavu. Mche, tena mzambarau. Walipita katikati ya shimo, wakapita lile duara lililoungua, ambalo sasa ndilo lilikuwa na ukoka mnene kuliko kwingine kote. Jumanne alikuwa ameshaanza kupeana mikono na watu. Zikabaki hatua chache kamba iishe kwenye kigingi cha kona.

Chuma kikashuka.

"Udongo," Masooma akasema. Akainama kuangalia vizuri. "Udongo mtupu."

Hakuna aliyeitikia. Watu wakasogea kuchungulia. Palikuwa na kigogo cha mnazi, na mbele ya kigogo palikuwa na mahali padogo pamekanyagwa pakang'aa, hapana ukoka wala jani, ila vipande vya ukindu vilivyokatwa vimetapakaa.

Bimkubwa akafungua mdomo atetee, hili si haki, hapa si mahali pa kuhesabu. Masooma naye alikuwa amesita. Mwanasiti akapatazama pale pa miguu yake, pale alipokaa alasiri zote zile mikono ikimwasha, akiogopa, akiomba, akijizuia. Katika mstari mzima wa shamba la baba yake, pasipoota kitu palikuwa mahali pamoja tu, na ni pale alipokuwa yeye.

Alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika ubavu, na machozi yanamtoka.

"Andika, mwanangu," akasema. "Usinifichie. Hapo ni pangu."

Masooma akaandika. Udongo ule mmoja haukuharibu kitu, na alasiri ile, mbele ya watu wote, Jumanne alitamka kwamba ardhi imepona na imerudi kwa ukoo wa Matano. Vigelegele vikapigwa mpaka barabarani gari moja likapunguza mwendo kutazama kuna nini. Alhamisi ilikuwa bado, lakini Mwanasiti hakuingoja, alikwenda makaburini siku ileile. Alimwambia baba yake kwa sauti, mara hii, kwamba hakumwachia shimo.

Aliporudi, watu walikuwa wameshatawanyika. Akashuka kwenye ile kona, akainama, akakikumbatia kile kigogo cha mnazi. Bimkubwa akamkimbilia kumsaidia, akakataa. Akakisukuma na kukivuta polepole, akipumzika na kuanza tena, mpaka akakitoa nje kabisa ya shamba, akakiweka kando ya barabara. Akaketi hapo, akautwaa ukili wake. Nyuma yake, palipokuwa pamekanyagwa, hapakuwa na mtu tena.